Kadi ya mpiga kura si lazima

Umeuliza kama ni lazima uwe na kadi ya mpiga kura ndipo uandikishwe NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania. Hapana ndugu yangu, huihitaji. Ukitimiza miaka 18 nenda na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule ulivyo navyo, barua ya serikali ya mtaa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kuandikishwa mara ya kwanza ni bure.

Nilimsindikiza mdogo wangu hapa Kigoma. Anavua dagaa Kibirizi, vidole vimechubuka kwa kamba za nyavu, mashine ikagoma kusoma alama mpaka alipovifuta vizuri kwa kitambaa na kurudia taratibu. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kilichochukua muda ni maswali ya uhamiaji: mkoa wetu uko mpakani, basi wanauliza wazazi walizaliwa wapi, babu alitokea kijiji gani. Kaa na mzee wako jioni moja akueleze, uyajue kabla ya kwenda.

Na tafadhali, linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ikikosewa tarehe, kosa linaingia ndani ya namba yenyewe, na ndiyo hiyo utakayosajilia laini ya simu na kufungulia akaunti benki. Kagua fomu kabla hujasaini.