Jedwali lako linasikikaje?

Kila siku natumia kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo, na hakuna panaponipoteza upesi kama kwenye majedwali ya kurasa za wavuti. Chukua jedwali la nauli za mabasi: kituo, kilomita, daraja la kawaida, daraja la kati. Mwenye macho hushuka mpaka Dodoma, akatupa jicho juu, akajua nauli ipi ni ya daraja lipi. Mimi naingia seli moja moja. Kwenye NVDA, kisoma skrini changu, nabonyeza T kulifikia jedwali, kisha Ctrl, Alt na mshale kutembea ndani yake. Likiwa limeundwa vizuri, kila nikihamia safu nyingine naambiwa jina lake kwanza, ndipo kiasi. Likiwa limeundwa ovyo nasikia tarakimu tupu, sijui ni kilomita au ni shilingi.

Mara nyingi tatizo ni moja: vichwa vya safu vimewekwa kwenye td, tagi ya HTML ya seli ya kawaida, vikakolezwa wino. Wino mzito hausikiki! Tumia th, tagi ya seli ya kichwa, uongeze scope="col" ijulikane ni kichwa cha safu. Na jina la kituo, mwanzo wa kila mstari, nalo liwe th lenye scope="row". Hili la pili wengi huliruka, na ndilo linaloniwezesha kushuka kwenye safu ya nauli nikitajiwa Morogoro, Dodoma, Singida bila kurudi kushoto kila mara.

Weka pia caption, yaani jina la jedwali, iwe kitu cha kwanza ndani ya table. Ukurasa ukiwa na majedwali matatu yasiyo na majina, ninachopata ni idadi ya mistari na safu tu.

Seli zilizounganishwa kwa colspan na rowspan zina dawa yake, yaani headers na id zinazoifunga kila seli na vichwa vyake, lakini ushauri wangu ni kuligawa jedwali mara mbili. Hata wenye macho watakushukuru.

Wanaotengeneza kurasa za simu wana mtego wao. Ukiipa table display: block kwenye CSS, msimbo wa mwonekano wa ukurasa, ili itoshe kwenye kioo kidogo, baadhi ya vivinjari huacha kuitambua kuwa jedwali. Ifunge ndani ya div yenye overflow-x: auto, na hiyo div uipe tabindex="0" ili mtumiaji wa kibodi naye aweze kuisogeza. Kwenye jedwali, basi lililojaa usilipake rangi nyekundu tu, andika “Limejaa”. Picha ya jedwali sina hata la kusema juu yake: kwangu ni ukimya.

NVDA ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows. Isakinishe, zima kioo, utafute nauli moja kwenye ukurasa wako mwenyewe. Ukisikia Kiswahili kinatamkwa kama Kiingereza, angalia kama html ina lang="sw". Sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi inayokuja pamoja na NVDA, si tamu sana, ila “Mbeya” inaitamka ikaeleweka.