Kwa nini pundamilia na kifaru huwekwa kundi moja?

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Wanafunzi wangu hawaelewi kwa nini pundamilia, mwenye ukwato mmoja kila mguu, huwekwa pamoja na kifaru mwenye vidole vitatu, ilhali malishoni huandamana na nyumbu. Niwaeleze vipi?

Jibu: Ndugu mwalimu, waambie kwanza waache kuhesabu vidole, maana hesabu hupotosha: tapiri, mnyama wa misitu ya Amerika na Asia mwenye pua ndefu kama mkonga mfupi, ana vidole vinne miguu ya mbele na vitatu miguu ya nyuma, na bado ni wa kundi hili. Kinachotazamwa ni mahali uzito wa mnyama unapopita. Kwa kifaru, tapiri na pundamilia, uzito hupita kwenye kidole cha kati; kwa nyumbu, mbuzi na ng'ombe hugawanyika baina ya vidole viwili.

Somo litaeleweka zaidi ukienda machinjioni ukaomba kifundo cha mguu wa nyuma wa mbuzi. Ndani yake mna mfupa mdogo wenye mfereji juu na mwingine chini, kama gurudumu la kapi. Wa punda, ndugu wa pundamilia, una mfereji wenye kina juu tu, na chini ni bapa. Tumbo nalo linatofautiana, kwani nyumbu hucheua, ilhali pundamilia na kifaru huchachusha majani kwenye utumbo mpana.

Ukwato mmoja wa pundamilia umekuja baadaye. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kwenye majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66 iliyopita, ziko nyayo za hiparioni, jamaa wa farasi aliyekuwa na vidole vitatu, viwili vya pembeni vikiwa vidogo mno. Pundamilia wa leo amebakiwa na vijiti viwili vya mfupa vilivyofichwa chini ya ngozi, ubavuni mwa mfupa mkuu wa mguu.

Laetoli na Olduvai yamepatikana pia mabaki ya ankilotheri, mnyama wa kale wa kundi hilihili, ambaye badala ya kwato alikuwa na makucha. Jamii yake iliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu: mwaka 1823 Georges Cuvier, mtaalamu wa wanyama Mfaransa, aliliona kucha moja kutoka Eppelsheim, Ujerumani, akadhani ni la kakakuona mkubwa, na meno yaliyopatikana hukohuko yakapewa jina la mnyama mwingine. Ni mwishoni mwa karne hiyo, mifupa ilipopatikana pamoja nchini Ufaransa, ndipo ilipothibitika kwamba kucha na meno vilikuwa vya jamii moja, jamaa wa farasi na kifaru.