Maswali yenu kuhusu Anne Brontë

Dada zake Charlotte na Emily, waandishi wa riwaya, tunawajua. Mdogo wao naye aliandika?

Aliandika riwaya mbili na mashairi mengi, na baadhi ya mashairi yake yaliingia katika vitabu vya tenzi za kanisani. Alizaliwa Thornton, Yorkshire, mwaka 1820, kitinda mimba wa kasisi wa Kianglikana. Kwangu mimi ndiye aliyekuwa jasiri kuliko dada zake.

Binti wa kasisi aliwajulia wapi walevi na ndoa mbovu anazozisimulia katika riwaya yake?

Kazini na nyumbani. Kuanzia 1840 hadi 1845 aliishi katika nyumba ya Thorp Green akifundisha watoto wa tajiri mmoja. Kaka yake Branwell akaajiriwa humo pia, akafukuzwa, akarudi Haworth, nyumbani kwao, kuzama katika pombe na kasumba huku Anne akimwona. Ndipo ikaja The Tenant of Wildfell Hall mwaka 1848: Helen anamtoroka mume mlevi, anaondoka na mwanawe na kujikimu kwa kuchora picha. Wakati huo, kwa sheria ya Uingereza, hata senti aliyoichuma mke ilikuwa ya mumewe! Wahakiki walikiita kitabu kichafu. Anne aliwajibu katika dibaji ya toleo la pili kwamba alikusudia kusema kweli, na kwamba kitabu kizuri ni kizuri, awe amekiandika mwanamume au mwanamke.

Mbona aliandika kwa jina la Acton Bell?

Ili kazi ipimwe kwa ubora wake, si kwa jinsia ya mwandishi.

Tenzi zake zinasema nini?

Hazimdanganyi mtu. Ule wa njia nyembamba, wa Aprili 1848, unaanza kwa kutuonya tusiwaamini wanaosema njia ya kwenda juu ni laini. Lakini Anne aliamini pia kwamba mwishowe hata mwenye dhambi mbaya kabisa ataokolewa, na imani hiyo anaishika Helen kando ya kitanda cha mumewe anayekufa. Makanisa mengi ya siku zile yalifundisha moto wa milele. Ndiyo maana siwezi kuzitenga tenzi zake na riwaya zake.

Kwa nini alisahaulika?

Kifua kikuu kilimuua Scarborough, 28 Mei 1849, akiwa na miaka 29. Mwaka uliofuata Charlotte alikataa riwaya ile ya Tenant ichapishwe tena, akisema mada yake ilikuwa kosa. Majonzi yake nayaelewa. Uamuzi wake siukubali.

Nianze na kipi?

Agnes Grey, riwaya yake nyingine, ni kifupi. Kisha Tenant, ila hakikisha ni toleo kamili, kwa sababu kwa miaka mingi kiliuzwa kikiwa kimekatwa, hata barua inayofungua hadithi haimo.