Nimeshalipia hoteli ya Dubai, mbona nimedaiwa tena? Na siku mbili nisizolala namdai nani?

SWALI: Habari kaka. Mimi ni mfanyabiashara Kariakoo, naenda Dubai kuchukua mzigo. Mwezi uliopita nilimpa ajenti niliyempata Insta hela ya hoteli ya nyota tatu pale Deira, siku sita, nikamtumia kwa simu, akanitumia konfamesheni. Kufika mapokezi naambiwa nitoe dirham 60 za utalii na dirham 500 za depoziti. Depoziti walinirudishia. Halafu mzigo ulikamilika mapema nikaondoka siku mbili kabla, hoteli wakaniambia hela ya hizo siku nikaulize nilikobuku, ajenti naye anasema hoteli wamegoma kurudisha. Hivi hizi hoteli za Dubai nazishtaki wapi? Msomaji, Kariakoo.

JIBU: Dada, hizo dirham 60 tuzimalize kwanza. Inaitwa Tourism Dirham, ni ada ya serikali ya Dubai, ipo toka 2014, inatozwa kwa chumba kwa kila usiku. Nyota moja ni dirham 7, nyota mbili na tatu ni 10, nyota nne 15, nyota tano 20. Kumi mara sita ni sitini, hapo hujaibiwa, na kwa sababu ulilala siku nne tu ungeziulizia zile 20 za mwisho wakati unarudisha ufunguo. Ila kumbukeni ni kwa chumba, sio kwa kichwa. Mkilala wawili chumba kimoja mnalipa mara moja, wakisema kila mtu atoe yake hapo gomeni.

Depoziti nayo sio malipo, ni dhamana, umerudishiwa basi imeisha. Nasema tu kwa wengine, ukiweka depoziti kwa kadi ya kawaida ya benki, hii inayochukua moja kwa moja kwenye akaunti yako, hoteli inaizuia ile hela, ukitoka wanaiachia lakini mpaka benki yako iirudishe inaweza kupita siku kadhaa au zaidi, sasa kama hela ya mzigo iko humo humo unabaki Naif, kule kule Dubai, unaangalia salio kwenye simu na huwezi kulitumia. Bebeni keshi ya depoziti na mdai karatasi yake. Na wale wanaobuku kwa kadi za mtandaoni za kwenye simu, jueni hoteli nyingi zinataka kuiona kadi yenyewe iliyolipia, wewe utawaonyesha skrini?

Sasa hizo siku mbili. Hapa ndo penye shida, na kusema kweli hili swali naletewa kila wiki na kila mtu analileta hivi hivi, "hoteli wamenitapeli." Dada, hoteli hujawahi kuilipa. Umemlipa ajenti. Ajenti kamlipa mtu mwingine, au hajalipa mtu kabisa mpaka siku unafika. Watu wameaminishwa kwamba ukishapata konfamesheni basi hoteli wana hela yako na nyie wawili mmeshaelewana, na hiyo imani ndo inawalisha hawa ajenti wa stetasi. Konfamesheni inasema kitu kimoja tu, kuna chumba kimeshikwa kwa jina lako. Nani kalipa, kalipa kiasi gani, hela imekaa kwa nani, hayo hayamo, au yamo kwa maandishi madogo chini kabisa ambapo hamfiki.

Hela ya hoteli ina njia kama tatu. Kuna ile ambayo mtandao unashika chumba tu, unaenda kulipa mwenyewe hotelini, halafu hoteli inaulipa mtandao kamisheni yake, mara nyingi asilimia 15 kwenda juu. Kuna ambayo mtandao unachukua hela yako siku hiyo hiyo, unakata chake, unailipa hoteli kilichobaki, na mara nyingi kwa kadi maalum ya namba tu inayofunguka siku ya wewe kufika. Halafu kuna wauza vyumba kwa jumla, hawa huwaoni kabisa, wananunua vyumba kwa bei ya chini wanawauzia mitandao midogo na ajenti, wale nao wanaongeza chao, mpaka chumba kinakufikia kimeshapita mikono mitatu. Kwenye hizi njia mbili za mwisho mtu wa mapokezi hajui wewe ulitoa shilingi ngapi. Kwenye kompyuta yake anaona bei waliyokubaliana na yule wa juu, na hiyo haruhusiwi kukuonyesha. Ndo maana ukiomba risiti yenye bei anakwambia kaombe ulikobuku. Sio jeuri, hawezi kukuandikia risiti ya hela ambayo hukumpa. Wafanyakazi wa maofisini hili linawaumiza sana, unarudi safari mhasibu anataka risiti ya hoteli ili ufunge masurufu, una konfamesheni tu, unakatwa mshahara.

Na hela ikirudishwa inarudi ilikotoka. Hili lishike. Kama ajenti alibuku kwa kadi yake mtandaoni, siku hoteli ikikubali kukusamehe zile siku mbili, hela inarudi kwenye kadi ya ajenti, sio kwako. Kwa hiyo anapokwambia "hoteli wamegoma", inawezekana kweli wamegoma maana alikununulia ile bei ya kutorudishwa, inakuwaga rahisi kidogo na yeye anabaki na faida zaidi, lakini pia inawezekana imesharudi anakula nayo chai. Huwezi kujua kwa kumuuliza yeye.

Fanya hivi. Waandikie hoteli barua pepe wewe mwenyewe, kitengo cha buking sio mapokezi, taja jina lako, tarehe, siku uliyotoka, waulize mambo mawili tu: buking ilitoka kwa nani, na kama wako tayari kutotoza zile siku mbili. Wakikubali, waombe waandike hivyo kwa maneno. Hiyo barua mpelekee ajenti, umwambie akuletee barua pepe kamili ya mtandao aliobukia inayosema wamekubali au wamekataa. Skrinishoti usipokee, skrinishoti inatengenezwa kwa dakika mbili. Wakikataa kwa sababu bei ilikuwa ya kutorudishwa, hizo siku mbili zimeenda, sitakudanganya. Unachobaki nacho ni kumbana ajenti kwa nini hakukwambia kabla hujalipa, na kama ulimtumia kwenye namba yake binafsi, bila risiti ya EFD, bila jina la kampuni, hapo utakuwa unabishana na mtu wa Insta tu. Angekuwa na kampuni ungeenda Tume ya Ushindani, ungelipa kwa kadi yako ungefungua madai benki. Hela ya simu uliyoituma mwenyewe kwa hiari yako kwa namba ya mtu, mtandao wa simu hawakurudishii kwa sababu hukupenda huduma.

Hawa jamaa nawasema kwa sababu nafanya kazi hii na nawaona wanavyoichafua. Ni sawa na dalali wa chumba Sinza anayekuonyesha geti, anachukua hela ya udalali na kodi, na ufunguo hana wala mwenye nyumba hamjui. Mchezo wao mkubwa upo kwenye ile njia ya kwanza. Anashika chumba cha "kalipe hotelini", kile unachoweza kukifuta bure, hajatoa hata senti, anakutumia konfamesheni nzuri ina jina lako na picha ya hoteli, wewe unamtumia laki tisa. Ukifika unaambiwa ulipe. Akiwa mbaya zaidi anasubiri utume hela halafu anafuta, unafika saa nane usiku jina halipo. Na wala hahitaji ujuzi wowote, simu na bando tu.

Na kuna hizi buking za viza, mtu anauziwa elfu ishirini konfamesheni ya hoteli ya kupeleka ubalozini, ikishagongwa tu inafutwa. Ubalozi unaweza kupiga simu hotelini na wanapiga. Ukigundulika unanyimwa viza kwa karatasi ya uongo, na hilo swali utalijibu kwenye kila fomu utakayojaza baadae. Kwa ajili ya elfu ishirini. Ukitaka buking ya viza, bukia mwenyewe hoteli inayofutika bure na uiache hai mpaka upate jibu, haina gharama yoyote.

Bei nayo. Ile bei kubwa ya kwanza unayoiona sio lazima iwe na kodi. Chukua chumba cha dirham 200 Dubai, ongeza asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa, VAT ya asilimia 5, umeshafika kama 245, Tourism Dirham bado. Kuna mitandao inaonyesha 200 mpaka ukurasa wa mwisho. Na sio Dubai peke yake. Malaysia mgeni analipa ringgit 10 kwa chumba kila usiku, Amsterdam kodi ya utalii imefika asilimia 12.5 toka 2024. Las Vegas hoteli zilikuwa zinakuchomekea ada ya risoti ya makumi ya dola kwa usiku hata bwawa hujalikanyaga, mpaka ikatoka kanuni ya serikali ya Marekani, imeanza Mei 2025, bei ionyeshwe nzima toka mwanzo. Sio kwamba ada imekatazwa, wanaitoza bado, imekatazwa kuificha tu. Kwa hiyo unapolinganisha mitandao miwili linganisha ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, wa kwanza hauna maana yoyote.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirham, chagua dirham. Wengi wanabonyeza shilingi kwa sababu wanaielewa, kumbe pale unabadilishiwa hela kwa bei ya mwenye mashine, na inakuwa mbaya kuliko ya benki yako.

Wanaoenda Zanzibar nao wasikilize. Mtu yupo Tegeta anabuku hoteli ya Nungwi kupitia mtandao wa Ulaya, anaonyeshwa bei ya dola ya mgeni, analipa, anafurahi kapata ofa ya asilimia 20. Hoteli nyingi kule zina bei ya mkazi ambayo huikuti kwenye mitandao kabisa, unaipata kwa kupiga simu ukasema uko Dar na una kitambulisho cha NIDA. Inaweza kuwa chini sana. Simu moja tu jamani. Na kama ni sikukuu uliza chakula cha jioni cha tarehe 24 na 31 Desemba, hoteli nyingi za ufukweni zinakilazimisha na kinalipiwa pembeni kwa kila kichwa, usije ukakutana nacho kwenye bili na familia ya watu watano.

Kingine kimekuja juu miaka hii ya karibuni, unabuku vizuri kwenye mtandao unaojulikana, siku mbili kabla ya safari unapata meseji ina jina lako kamili, hoteli na tarehe zako, inasema kadi haikuhakikiwa, bonyeza hapa ulipe upya ndani ya saa kadhaa la sivyo buking inafutwa. Wezi wanaingia kwenye akaunti ya hoteli wanasoma buking za wageni, ndo maana wanajua kila kitu. Usibonyeze, hata kama meseji imekuja ndani ya apu yenyewe. Piga hotelini kwa namba iliyo kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, na sio ile ya tangazo la juu kwenye Google, maana zipo ofisi zinazojiita kitengo cha buking cha hoteli fulani na hoteli yenyewe haiwajui.

Safari ijayo dada, na najua itakuwepo maana Kariakoo hamkai, ukitaka kutumia ajenti tumia, mimi mwenyewe ni ajenti. Ila kabla hujatuma hela mwambie akuonyeshe leseni ya biashara ya utalii, ile wengi wanaiita TALA, na jina la kampuni lifanane na la kwenye lipa namba, akuandikie bei ina kodi zipi na haina zipi, na chumba kinafutika mpaka tarehe ngapi. Ukishalipa muombe namba ya buking ya hoteli yenyewe, maana ile ya mtandao hoteli wakati mwingine hawaioni. Subiri siku moja, halafu piga hotelini Deira uwatajie hiyo namba, waulize imeshalipwa au italipwa ukifika. Wanajibu, wanaongea hata Kiingereza cha kuunga unga, wengine wana wafanyakazi wa Afrika Mashariki pale mapokezi. Wakisema italipwa ukifika na wewe ulishatuma hela, unakuwa bado uko Dar, ajenti bado anapokea simu, na safari bado wiki nzima.