Kwa Nini Wafanyakazi Wako Hawakuambii Kitu

Wiki hii msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia. Ana duka la vipuri vya pikipiki, ameajiri vijana wanne, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dada, mambo ya dukani kwangu nayasikia kwa wateja kabla sijayasikia kwa wafanyakazi wangu. Nifanyeje?" Nilianza kumjibu kwa sauti, maelezo yakawa marefu, nikaona bora niyaandike hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Ukiwa na duka moja na kaunta unakaa mwenyewe, tatizo hili hulioni. Linakuja siku unapomwachia mtu mwingine kaunta.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Duka la kwanza liko Mbagala, la pili Kongowe. Miezi michache iliyopita mama aliugua nikalazimika kwenda kukaa naye Tanga, na kwa muda wote ule simu za dukani zilikuwa za kunipa pole tu. Niliporudi nilikuta mauzo yameandikwa, mwenye mzigo wa rangi ameshalipwa, na mzigo wa nondo umerudishwa kwa aliyeuleta. Aliyeurudisha ni binti tuliyempokea mwaka jana, hajawahi kusoma ujenzi wala biashara. Alichukua nondo moja ya milimita 12, akaipima kwenye mizani, akaona haifiki. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ikaribie kilo 10.7. Zile zilikuwa chini sana. Akamwambia dereva ageuze gari.

Alijuaje? Uzito wa kila nondo umeandikwa kwa rangi ukutani mwa stoo, kuanzia milimita 8 hadi 20. Nani aliyempa ruhusa? Mimi, siku alipoanza kazi: mzigo usiofanana na ukuta haushuki. Nasema haya kwa fahari na sioni haya kujivunia kazi yetu, kwa sababu nimetoka mahali ambapo jambo kama hilo lisingewezekana.

Nilijifunza biashara hii Kariakoo, kwa mzee mmoja aliyeuza mabati kwa jumla. Alikuwa mchapakazi na mzigo wake ulikuwa mzuri. Lakini bei alikuwa nazo kichwani. Sisi wa kaunta tulizipata kwa kuuliza, na ukiuliza mara mbili unaambiwa huna akili ya biashara. Asubuhi moja alikuja fundi kuchukua bati za geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) za nyumba nzima. Nikamuuzia kwa bei niliyoijua, akalipa, akapakia, akaondoka. Mchana mzee anafika, anaangalia risiti, anawaka. Bei ilikuwa imepanda tangu jana yake jioni. Alikuwa ameongea na kiwanda, akamwambia mtoto wake walipokuwa wakila, kisha akalala. Kaunta hakuna aliyeambiwa.

Tofauti ile nilikatwa mimi. Ilikatwa mwezi hadi mwezi mpaka ikaisha, kutoka kwenye mshahara ambao kodi ya chumba peke yake ilikuwa inaumaliza nusu. Na alinisema mbele ya wateja, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Miaka imepita na bado nikipita mtaa ule kifua kinabana. Kukosa hela nilishazoea. Kulipia habari ambayo mwenyewe aliificha ndiko kulikoniuma.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo lilipo jibu la ndugu yangu wa Morogoro. Baada ya siku ile sote tuliokuwa pale tulijifunza kunyamaza. Masika yalipoanza, paa la stoo lilivuja juu ya saruji. Mtunza stoo aliona. Angesema, angeulizwa alikuwa wapi maji yakiingia, na angekatwa. Kwa hiyo alihamisha mifuko iliyolowa akaiweka chini, mikavu akaipanga juu. Ilikaa hivyo hadi wateja wakaanza kurudi na saruji iliyoganda kama jiwe. Wafanyakazi wote tulikuwa tunajua. Dereva alijua, kuli alijua, mama anayetuletea chai alijua. Mwenye mali ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Kwa hiyo bosi mwenzangu, kabla hujalalamika kwamba vijana wako wanakuficha mambo, jiulize mara ya mwisho mtu aliyekuletea habari mbaya alipata nini. Alipata asante, au alipata makato? Watu hawasahau. Mmoja akichomwa wanaona wote, na mpya akiajiriwa anasimuliwa siku ya kwanza.

Tena hilo la makato lina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata tu anavyojisikia. Kama ni hasara, lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, umwandikie sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Wengi tulioajiriwa Kariakoo hatukuwahi kuambiwa hivyo. Nimeibandika karatasi ya maneno hayo ndani ya ofisi, upande wanaoweza kuisoma wao.

Kwangu kanuni ni moja: ukisema siku hiyohiyo, hukatwi. Umevunja kioo, umekosea chenji, umetoa bati za geji 30 badala ya 28 (wageni wengi hudhani namba kubwa ndiyo nene, kumbe ni kinyume), sema leo. Wizi ni jambo jingine na lina njia yake. Lakini makosa ya kazi yakisemwa mapema hulipwa na duka. Wenzangu wengine wananiambia nitafilisika. Acha niwape mfano mmoja.

Keshia wa Mbagala alionyeshwa ujumbe wa muamala kwenye simu ya mteja, akaamini, akatoa mzigo wa rangi. Ujumbe ulikuwa wa kughushi, hela haikuwa imeingia. Alipogundua alilia, lakini hakungoja jioni. Aliandika palepale kwenye grupu letu la kazi la simu: sura ya mtu, nguo alizovaa, aina ya bodaboda, alichochukua. Mchana uleule mtu yuleyule akaingia Kongowe na simu yake mkononi, anataka rangi tena. Wakamwambia asubiri wathibitishe kwenye simu ya duka. Aliondoka bila kuaga. Hasara ilikuwa moja badala ya mbili. Angekuwa keshia wa yule mzee, angenyamaza ili apate muda wa kukopa airudishe hela kimyakimya, na Kongowe nao wangepigwa.

Watu wakishaacha kuogopa, mengine ni utaratibu tu, wala si mgumu.

Bei inaandikwa kabla ya kusemwa. Tuna ubao nyuma ya kaunta kila duka. Bei ikibadilika, naandika kwenye grupu bidhaa, bei ya zamani, bei mpya na kuanzia saa ngapi, na wa kaunta anaubadilisha ubao kisha anatuma picha. Bila picha, bei haijabadilika na mteja anauziwa ile ya zamani, hasara ni yangu. Bei hatuzitumi kwa sauti kamwe. Mteja amesimama mbele yako na fundi wake, huwezi kuanza kusikiliza ujumbe wa dakika tatu kutafuta bei ya misumari ya inchi 4.

Grupu la kazi ni la kazi. Salamu za Ijumaa na Jumapili, video za kuchekesha, michango ya harusi, vyote nimevifungulia grupu lingine na vina raha yake huko. Zamani bei ya nondo ilikuwa inazama chini ya maua na dua, mtu anasema hakuiona na anasema kweli.

Asubuhi kabla ya kufungua tunasimama pamoja. Kila mmoja anajibu: nini kimekaribia kuisha, nini kimeharibika, na tumemwahidi nani nini. Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Ugomvi mwingi wa dukani unatokana na ahadi aliyoitoa muuzaji wa jana ambayo wa leo haijui. Mteja anakuja saa nne anadai tuliafikiana kuletewa mifuko 40, yaani tani mbili, na gari limeshatumwa kwingine. Ahadi inaandikwa kwenye kaunta buku, na aliyeitoa anaweka jina lake.

Msimwache nje dereva. Narudia: msimwache nje dereva. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga, sisi tulijua mapema sana kwa sababu dereva wetu ana wenzake wanaopakia saruji Mtwara, na wenzake wamekwama kwenye foleni. Aliandika kwenye grupu maneno machache tu: njia imekatika, msiahidi mzigo wa Mtwara. Hakuna aliyemtuma. Tukaacha kupokea oda za saruji ile, tukawahi kuagiza ya Wazo, inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, kabla kila mtu hajaikimbilia. Majirani walipokea hela za watu kisha wakaanza kuzima simu. Dereva, kuli, mlinzi, mama wa chai, hawa wanaona biashara yako kwa jicho ambalo wewe uliyekaa kwenye kiti huna. Ukiwaita kwenye kikao wakati wa kugombeza tu, hutapata hata moja wanalolijua.

Daftari msilitupe kwa sababu mna simu, wala simu msiidharau kwa sababu mna daftari. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, mama yangu mdogo alipoteza mzigo wake wote, lakini kilichomwangusha zaidi ni daftari la madeni. Waliokuwa wanadaiwa wengine walikuja wenyewe, Mungu awabariki, wengine hadi leo wanampita njiani. Kwa hiyo kila jioni tunapiga picha kurasa za siku hiyo na kuzihifadhi. Na Oktoba 2025 intaneti ilipokatwa nchini siku za uchaguzi, grupu likanyamaza kabisa, na tulipofungua duka kilichotuendesha ni kaunta buku na ubao.

Hapo kwenye madeni niseme jambo. Kugawana taarifa si kumwaga kila kitu kwa kila mtu. Nani anadaiwa na namba yake ya simu ni mambo ya keshia na msimamizi, hayaingii kwenye grupu la wote. Kwanza ni heshima, mteja hakukopa kwako ili kuli amcheke mtaani. Pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inamhusu hata mwenye duka la kona. Wale mnaobandika majina ya wadaiwa ukutani au kwenye status, mnajitafutia kesi.

Najua woga mkubwa ni upi, kwa sababu nauona kwenye kila ujumbe mnaonitumia: nikiwaambia bei ya kununulia na wenye mzigo ninaowatumia, si watafungua maduka yao? Watafungua. Mmoja wa vijana wangu amefungua Chamazi. Alipoaga nilimkabidhi mwenyewe kwa wenye mzigo kwamba ni kijana mwaminifu, na leo nondo anachukua kwangu kwa mali kauli, yaani anachukua kwanza analipa baadaye, na analipa kwa wakati. Yule mzee wa mabati aliwaficha watu kila kitu, na sote tuliondoka na hakuna hata mmoja anayenunua kwake. Unadhani utamzuia mtu kukua kwa kumficha bei? Utamchelewesha, na wakati huo wote atakuwa anafanya kazi gizani, na anayelipia giza hilo ni wewe. Waheshimuni watu mnaowaachia funguo. Kama unamwamini kijana na milango ya duka, mwamini na bei ya mfuko wa saruji.

Ndugu wa Morogoro ameniuliza pia kuhusu kijana wake aliyeacha kazi akaondoka na wateja wote kwenye simu yake. Hilo linatokea kila siku na halizuiliwi kwa ugomvi. Wateja walikuwa wanapiga namba ya kijana kwa sababu duka halikuwa na namba. Nunua simu ya duka, hata ya bei ya chini, na laini isajiliwe kwa jina la biashara. Usiisajili kwa kidole cha mfanyakazi eti kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu siku hiyo, maana laini ni ya yule aliyeweka kidole. Nenda na leseni yako na namba ya mlipa kodi, uliza wanataka nini kingine, kamilisha. Kisha majina ya wateja yahifadhiwe humo kwa namna moja: jina, eneo, anachonunua. Namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye bango na ubavuni mwa gari, na jioni simu ifungiwe dukani pamoja na kaunta buku.