Maswali na majibu: Yule mtoto wa Jet Li sasa ndiye baba

Tangu filamu ya The Furious ionyeshwe kwenye tamasha la filamu la Toronto, Canada, mwezi Septemba 2025, mashabiki wa muvi za ngumi hawana habari nyingine. Maswali yamekuja mengi, nimechagua yenye nyama. Yale ya kutukanana kuhusu nani alimwiga Bruce Lee nimeyaacha huko huko.

Kila nikifungua simu ni The Furious, The Furious. Ni ya nani hasa, na presha yote hii ya nini? (Msomaji, Mwanza)

Mwongozaji ni Kenji Tanigaki, Mjapani aliyekwenda Hong Kong miaka ya 1990 na kukomaa kikazi ndani ya kikosi cha mapigano cha mwigizaji Donnie Yen. Kama jina halikwambii kitu, kazi zake unazijua. Zile filamu za samurai za Rurouni Kenshin zilizoanza 2012, mapigano alipanga yeye. Twilight of the Warriors: Walled In ya 2024, ile ya mtaa wa Kowloon wenye vichochoro visivyofikiwa na jua, mapigano ni yake pia. Safari hii hakuitwa kupanga ngumi tu halafu mwingine aamue zipigwe picha vipi. Kiti cha mwongozaji amekalia mwenyewe, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya presha, kabla hata ya kutaja mwigizaji. Filamu nyingi za ngumi huharibika kwa sababu anayejua pigo linatua wapi ni mmoja, anayeweka kamera ni mwingine, na hawaelewani.

Sababu ya pili ni Xie Miao. Wale wa vibanda vya video miaka ya tisini mnamjua, ila kwa jina la "mtoto wa Jet Li". Alicheza kama mwanawe mara mbili, 1994 na 1995. Katika ile ya 1995, My Father Is a Hero, pambano la mwisho Jet Li anamfunga mtoto kwa kamba, anamzungusha hewani, na mtoto anawachapa maadui mateke huku anaruka. Mtoto yule amezaliwa 1984, hesabu miaka mwenyewe. Ndani ya The Furious yeye ndiye baba, na aliyetekwa ni binti yake.

Wale Waindonesia, Joe Taslim na Yayan Ruhian, wamo wote wawili. Nani mkali? Tumebishana kijiweni mpaka kahawa ikapoa. (Wana wa Tanga)

Mbona mlishawaona wakizichapa? Filamu ya Indonesia, The Raid, 2011. Yayan, ambaye mle anaitwa Mad Dog, ana bastola na Taslim hana kitu. Badala ya kufyatua, Yayan anaiweka bastola pembeni, kwa kuwa anataka raha ya mikono. Kirudieni kipande kile mkiwa hamna haraka. Taslim ni mtu wa judo, tena si judo ya kuigiza: alikuwa timu ya taifa ya Indonesia na akapata medali ya fedha kwenye Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia ya 2007. Ndiyo maana mikono yake inatafuta nguo kwanza, ukosi au mkono wa shati. Akishaipata anageuza nyonga, na mtu anapaa. Yayan ni mdogo wa umbo na ni mwalimu wa pencak silat, sanaa ya mapigano ya kwao Indonesia. Hapigani kwa mbali. Anaingia ndani kabisa, pale ambapo mikono mirefu haina kazi, halafu kiwiko na goti ndivyo vinaongea.

Mle kwenye filamu alishinda Yayan. Kwenye ulingo wenye refa na sheria za judo, hela yangu naiweka kwa Taslim. Haya, agizeni kahawa nyingine.

Treila zimenidanganya mara nyingi. Nitajuaje kama hii ni ya kweli? (Msomaji, Nairobi)

Zima sauti. Nusu ya ukali wa treila ni muziki pamoja na ule mlio wa ngumi uliopachikwa studio. Ukishazima, angalia miguu. Ukimwona mpiganaji kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, na teke likaanza hadi kutua bila picha kukatwa, hapo kuna kazi. Ukiona bega, kisha uso, kisha mtu keshalala chini, ndugu yangu, umeuziwa mikato. Treila lazima ikatwekatwe, hilo tuwasamehe, lakini teke zima linaenea hata ndani ya sekunde mbili.

Baada ya miguu, tazama shati la anayepigwa. Pigo lililogusa, hata kwa upole, linasukuma kitambaa. La hewani linaacha shati limetulia. Mabingwa wa Hong Kong walilijua hili zamani, wakawa wanapaka unga kwenye nguo ili kila pigo litimue vumbi.

Kasi nayo isikutishe. Filamu huonyeshwa picha 24 kwa sekunde. Hong Kong walizoea kurekodi picha 22, wakati mwingine 20, halafu wanazionyesha kwa 24, na mkono unakwenda haraka kuliko ulivyokwenda siku ile. Wapo wanaoita utapeli. Mimi naona ni kiungo, na kiungo kikizidi kila mtu anajua.

Kwa nini watu wa Toronto waione kwanza, sisi tubaki kusoma sifa? (Msomaji, Arusha)

Ni biashara. Tamasha la Toronto lina kipengele cha Midnight Madness, kipo tangu 1988. Filamu zinaanza saa sita usiku na ukumbi unajaa watu wa aina yetu, wanaoshangilia teke kama goli. Wenye filamu wanapeleka mzigo pale kwa sababu wasambazaji wamo humo ukumbini, na kelele zile zinapandisha bei. Haki za kuonyesha zinauzwa nchi kwa nchi, na soko dogo huwa mwisho wa foleni. The Raid ilipita njia hiyo hiyo mwaka 2011 na watazamaji wa Midnight Madness wakaipa tuzo yao. Hata hivyo, sifa za saa saba usiku zipunguze kidogo kabla ya kuzimeza.

Niitazame hivi hivi au nisubiri iliyotafsiriwa? (Msomaji, Kahama)

Mara ya kwanza hivi hivi. Nawaheshimu watafsiri wetu, tangu enzi za Lufufu hadi DJ Afro kule Kenya, na kuna muvi mbovu ambazo wao ndio waliziokoa. Lakini mtafsiri mzuri hanyamazi, na pambano zuri lina vituo: wawili wanapumua, wanaangaliana, mmoja anabadilisha mguu wa mbele. Hapo nataka kimya. Mara ya pili leta mtafsiri na watu wa kucheka nao.

Steringi anakufa? (Msomaji, Tandika)

Hata ningelijua nisingekwambia.

Mwanangu ana miaka minane, anapenda kareti, ananisumbua twende naye. (Mama wa Mombasa)

Asiende, dada. Hadithi yenyewe ni ya mtoto kutekwa, na mapigano yake si ya mateke ya kuchekesha. Mpeleke kwenye kareti yenyewe.

Nikisubiri, nitazame nini? (Wengi)

My Father Is a Hero, umwone Xie Miao akiwa mdogo. The Raid, kwa ajili ya Taslim na Yayan. Twilight of the Warriors, uone Tanigaki anavyopanga watu wengi mahali pembamba. Halafu Chocolate ya 2008, kwa sababu JeeJa Yanin wa Thailand naye yumo kwenye The Furious na wengi mmemsahau. Hiyo ya mwisho msizime majina yakianza kupanda. Pale ndipo wanapoonyesha walivyoumia wakati wa kurekodi, na wengine wanabebwa.