Weupe wa ukuta unatoka wapi? Maswali yenu kuhusu rangi za maji

Wiki iliyopita nilieleza picha ya mji wa Durham, Uingereza, iliyochorwa na mchoraji Mwingereza Thomas Girtin: kanisa kuu na ngome juu ya mwamba, mto Wear ukipita chini. Aliichora kwa rangi za maji karibu na mwaka 1800. Haya ndiyo mliyouliza.

Shikamoo mwalimu. Nimechora Boma la Mikindani mara nne, kuta zinatoka chafu. Nyeupe nzuri inauzwa wapi? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba, mwanangu. Usinunue, unayo tayari: ni karatasi yako. Girtin ana picha nyingine, ya nyumba nyeupe kando ya mto Thames jioni. Nyumba ile inang'aa kuliko kitu chochote pichani, na ni karatasi tupu aliyoizunguka kwa rangi. Nikiiangalia mimi hushika pumzi.

Kwa Boma, chora ukingo wa ukuta kwa penseli, mstari mwepesi. Paka anga mpaka kwenye mstari, kisha weka brashi chini. Ngoja! Masika hapa kwetu hewa ina unyevu, rangi hukawia kukauka, na wewe unarudia juu ya mbichi. Uchafu wako unatoka hapo. Ikikauka, tia vivuli tu, chini ya paa na ndani ya madirisha. Ukuta wenyewe usiuguse.

Mbona anga za Girtin zimepauka? (Shangani, Mtwara)

Alitumia nili, rangi ya buluu ya mmea, na nili haihimili mwanga. Picha yako usiitundike panapopigwa jua.

Maji ya bahari yanafaa? Nachorea ufukweni. (Lindi)

Hayafai. Chumvi inabaki kwenye karatasi, inavuta unyevu na kuacha madoa. Beba chupa ya maji ya mvua.

Binti yangu wa darasa la sita anataka kuchora magofu ya Kilwa Kisiwani, ila ana daftari tu. (Kilwa Masoko)

Dada, mpeleke hivyo hivyo. Daftari likilowa hujikunja, kwa hiyo huko atumie penseli peke yake, na pembeni aandike rangi anazoziona: mawe ya matumbawe ya kijivu, ukoga, bahari. Rangi atapaka nyumbani mkipata karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Asianze na Msikiti Mkuu mzima. Achague tao moja, akae mbele yake asubuhi, kivuli kikiwa bado kirefu.